Mikono Minne Magotini

Siku ya tatu ya mkutano, Kunegunda Haule alipangwa kuruka na Muhsini Amade, mtu ambaye kwa miaka miwili alikuwa hataki hata kumpa mkono.

Wote wawili walikuwa wakufunzi wa glaida, zile ndege zisizo na injini. Glaida huvutwa kwa kamba ya winchi, mashine ya kukunja kamba iliyo chini, mpaka ifike juu, kamba ikaachiwa, na kuanzia hapo rubani hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, kama mwewe anavyofanya. Klabu ya Songea ilikuwa na kiwanja cha nyasi pembeni kabisa mwa Mshangano, mahali nyumba zinapoishia na mashamba ya mahindi yanapoanzia. Kunegunda ndiye aliyekuwa mkufunzi wake mkuu. Zamani alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari. Kuruka alifundishwa na mzee mmoja Mpolandi aliyekuja kufunga mitambo ya maji, akaipenda hewa ya huku, akabaki.

Muhsini alitoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Alikuwa Myao, mrefu, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kwa sababu mama yake alizaliwa Tunduru.

Kilichowatenganisha kilikuwa kifo. Mwaka juzi kijana mmoja wa Mfaranyaki, Remigi Ngonyani, mwanafunzi bora kuliko wote waliopita mikononi mwa Kunegunda, alikwenda Msumbiji kusomea ukufunzi. Leseni yake ya Songea haikutambuliwa kule. Kila nchi ilikuwa na leseni yake na namna yake ya kufundisha, kwa hiyo ilibidi Remigi aanze upya, kiti cha mbele, kama mtu asiyewahi kuruka. Mkufunzi wake aliitwa Leo. Siku moja ya jua kali, safari yao ya kwanza pamoja, watu waliokuwa chini waliiona glaida yao ikizunguka taratibu, vizuri kabisa, ikazunguka tena na tena huku ikishuka, ikaingia kwenye kilima. Wote wawili walikufa palepale.

Klabu ya kule ilisema kijana wa Songea alishikwa na woga, akakikumbatia kijiti cha usukani, akagoma kukiachia. Klabu ya Songea ilisema mkufunzi yule alizembea, labda alisinzia. Maneno yakawa makali. Mwishowe nchi nne, Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia, zikakubaliana kukaa pamoja na kutengeneza leseni moja na kozi moja ya wakufunzi, ili mtu aliyefundishwa hapa aaminike na kule. Songea ikapewa mkutano. Mwenyekiti alikuwa Dorine Mapunda, mwanasheria aliyekulia hapohapo mjini kabla hajahamia Dodoma.

Siku mbili za kwanza walibishana. Walibishana juu ya saa ambazo mwanafunzi anapaswa kuruka kabla ya kuachwa peke yake, juu ya umri, juu ya kupima macho, juu ya nani ana haki ya kumfundisha mkufunzi. Kunegunda na Muhsini walizungumza kupitia kwa mwenyekiti, kama majirani wenye kesi ya mpaka wa shamba.

Jioni ya siku ya pili Dorine alichoka.

"Kesho hatukai ukumbini," alisema. "Mtaruka wawili wawili. Mmoja atamfundisha mwenzake kama anavyofundisha kwao, kisha mtashuka mtuambie tofauti mmeziona wapi."

Akawapanga mwenyewe. Alipowasomea majina, Kunegunda alimwangalia kwa muda mrefu, lakini Dorine hakubadilisha kitu.

Asubuhi ile hewa ilikuwa safi, moshi wa mashamba yanayochomwa ukiwa bado mwembamba upande wa Namtumbo. Kunegunda alikaa kiti cha mbele, akiwa kama mwanafunzi. Muhsini alikaa nyuma yake. Katika glaida wa mbele hamwoni wa nyuma, na wa nyuma humwona wa mbele mabega na kichwa tu. Usukani wenyewe si gurudumu kama la gari. Ni kijiti kilichosimama katikati ya magoti. Kila kiti kina chake, navyo vimeunganishwa chini ya sakafu, ukisogeza kimoja na kingine kinasogea.

Kabla ya kufunga kifuniko cha kioo walizungumza juu ya upepo, uzito na mahali pa kutua kama kamba ingekatika. Hawakuacha kitu chochote kinachoandikwa kwenye vitabu.

"Uko tayari, dada Kunegunda?" Muhsini aliuliza.

"Tayari, bwana Muhsini."

Winchi ikavuta. Ardhi ikawaacha, mabati ya Mshangano yakawa madogo, kamba ikaachiwa kwa mlio wake mmoja, halafu ukimya ukaingia. Muhsini alikuwa anaendesha, naye Kunegunda aliweka vidole vyake kwenye kijiti cha mbele kwa wepesi, kama mwanafunzi anavyopaswa kufanya, ili asikie mkono wa mwalimu. Baada ya muda mfupi ilimbidi akubali moyoni kwamba mkono ule ulikuwa mzuri. Muhsini aliipata hewa ya moto juu ya shamba jeusi lililoungua, akainamisha bawa, wakaanza kupanda kwa mizunguko.

Walipofika juu kiasi cha kutosha alirekebisha ndege ikae sawa kwenye mzunguko mpana. Kisha kijiti kikatikisika mara mbili, kulia na kushoto, haraka.

Kunegunda aliielewa ishara hiyo. Aliondoa vidole vyake, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti.

Wakaendelea kuzunguka. Mji wote ulionekana chini, barabara ya Tunduru ikikimbilia mashariki, milima ya Matogoro ikiwa imesimama upande wa pili. Ndege ilikwenda laini sana. Haikurukaruka, wala haikuvutwa huku na huku kama wanavyofanya wakufunzi wengi wanaotaka kujionyesha. Kunegunda alifikiri, huyu mtu anajua. Akafikiri pia, bila kupenda, kwamba labda na Leo alikuwa anajua.

"Mama yako ni wa Tunduru sehemu gani?" aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa Muhsini lisilohusu kazi.

"Nakapanya," Muhsini alijibu kutoka nyuma. "Lakini mjomba yupo Tunduru mjini. Ana korosho."

"Mwaka huu zimezaa?"

"Anasema zimezaa. Yeye kila mwaka anasema zimezaa."

Kunegunda alitabasamu, ingawa Muhsini hakuweza kumwona. Upepo ulikuwa unawasogeza polepole kuelekea Matogoro. Aliona, lakini akanyamaza. Yeye ndiye mwanafunzi leo, na kumsahihisha mgeni mbele ya milima ya kwao kungekuwa kukosa adabu. Pengine Muhsini alikuwa anataka kumwonyesha jinsi kwao wanavyofundisha kuruka karibu na miteremko.

Bawa la kushoto likainama zaidi kidogo. Sauti ya hewa kwenye kioo ikapanda. Anaongeza kasi, Kunegunda aliwaza. Ngoja nione anafika wapi.

Mzunguko ukawa mdogo. Miti ya mlimani, ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa kama nyasi, sasa ilikuwa na matawi.

"Bwana Muhsini," alisema, "mlima umekaribia."

"Naona," Muhsini alisema kwa utulivu. "Nilikuwa nasubiri nione unapita wapi. Ni kwenu, unapajua kuliko mimi."

"Ninapita wapi, mimi?"

"Ndiyo, wewe. Si wewe unayeendesha?"

Kunegunda aliangalia mikono yake. Ilikuwa juu ya magoti, imetulia, pete ya ndoa iking'aa kwa jua.

"Mikono yangu iko magotini," alisema.

Kisha sauti ya Muhsini, nyembamba, kama ya mtu mwingine kabisa, ikasema, "Na yangu pia."

Baadaye Kunegunda alijaribu mara nyingi kuieleza hali ya wakati ule na hakuweza. Alisema ni kama kuzungumza na mtu sebuleni, halafu ukagundua kwamba nyumba haina sakafu. Hakuna mtu aliyekuwa anaendesha. Kwa muda wote ule, walipokuwa wanaulizana habari za korosho, ndege ilikuwa inajiendea yenyewe. Ulaini ule alioupenda ulikuwa ulaini wa kitu kisicho na mtu.

Wote wawili walikishika kijiti kwa mpigo. Muhsini alikivuta kwake, Kunegunda alikisukuma kulia ili kwanza anyooshe mabawa, na kijiti kikakwama katikati yao, kigumu kama mti. Miti ya mlima ilijaa kwenye kioo.

"Acha," Kunegunda alisema. "Nimeshika mimi."

"Umeshika," Muhsini akajibu, na kijiti kikalegea mkononi mwa Kunegunda.

Alinyoosha mabawa. Akavuta. Uzito ukamkandamiza kitini, macho yakaingia giza pembeni, na mteremko ukapita chini ya tumbo la ndege karibu sana hata aliona nguo zilizoanikwa kwenye kichaka. Kisha mbele kukawa na anga na uwanda. Lakini urefu wote walioupata ulikuwa umekwisha, na kiwanja kilikuwa mbali.

Alichagua shamba la mahindi lililovunwa. Lilikuwa limeshaanza kupigwa matuta. Glaida iligusa tuta la kwanza, ikaruka, ikagusa la pili, gurudumu likang'oka kwa mlio wa kuvunjika ubao, ikateleza kwa tumbo mpaka kwenye mabua yaliyorundikwa, ikasimama.

Mwenye shamba, mzee Joachim, alikuwa analima kwa upande wa pili akiwa amewapa mgongo. Glaida haina mngurumo. Alichosikia ni upepo mkubwa, kivuli kikampita, na alipogeuka kulikuwa na ndege nyeupe imelala kwenye shamba lake. Alibaki na jembe hewani kwa muda, halafu akalishusha chini polepole.

Walifungua kioo wakatoka. Kunegunda alikaa kwenye tuta. Muhsini alikaa kwenye tuta la mbele yake.

"Mmeumia?" mzee Joachim aliuliza alipowafikia.

"Hatujaumia, baba. Shikamoo," Kunegunda alisema.

"Marahaba." Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Aliona kwamba hawakuwa watu wa kuongea naye wakati ule, akaenda kuwatafutia maji.

Kunegunda aliokota bua la muhindi akalisimika kwenye udongo kati yake na Muhsini.

"Nionyeshe ulivyotikisa," alisema.

Muhsini alilishika bua akalitikisa mara mbili, kulia na kushoto.

"Hiyo kwenu maana yake nini?"

"Maana yake nakupa. Ni yako, chukua. Halafu mimi natoa mikono." Alimwangalia. "Na kwenu?"

"Kwetu maana yake ondoa mikono, nachukua mimi."

Walitazama lile bua. Mzee Mpolandi aliwafundisha watu wa Songea hivyo, tangu enzi za glaida zilizokuwa wazi juu, ambamo upepo ulimeza sauti na mtu hakuweza kusema akasikika. Kwao Muhsini alikuwako Mreno mmoja wa enzi hizohizo, naye aliwafundisha kinyume. Halikuwa jambo la kitabuni. Ilikuwa tabia ya mkono tu, inayotoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba inahitaji kuulizwa. Siku mbili walikuwa wamebishana juu ya saa na umri na macho, na jambo hili halikutajwa hata mara moja.

Ni Muhsini aliyetangulia kung'amua. Kunegunda aliona uso wake ukibadilika, mdomo ukafunguka na kubaki hivyo.

"Leo na Remigi," alisema.

Hapo na yeye akang'amua. Ilimjia yote kwa pamoja: glaida ikizunguka taratibu, vizuri kabisa, watu wakiitazama kutoka chini, ikizunguka tena na tena. Aliinama akashika udongo kwa mikono miwili.

"Remigi nilimfundisha mimi," alisema. "Nilimwambia, kijiti kikitikisika, toa mikono usibishane na mwalimu. Nilimrudia mpaka akawa anafanya bila kufikiri."

"Na Leo nilimfundisha mimi," Muhsini alisema.

Mzee Joachim alipoleta maji kwenye kibuyu aliwakuta wamekaa vilevile. Walikunywa kwa sababu walipewa.

Mchana ule waliusimulia mkutano yaliyowapata. Muhsini alisimulia, Kunegunda akaongeza.

Walipomaliza, Dorine aliinuka. Alichukua kalamu yake ya wino, akaisimamisha juu ya meza mbele ya Rupert, mkufunzi kutoka Zambia.

"Mpe mwanafunzi wako ndege," alisema.

Rupert hakuigusa kalamu. Alinyoosha mkono, akagonga bega la mtu aliyekaa mbele yake. Mjumbe wa Malawi alipopewa kalamu aliitikisa mara mbili, kama Muhsini, lakini akaendelea kuishika. Kwao, alisema, mwalimu hutikisa kisha husubiri mwanafunzi naye atikise ndipo aachie. Nchi nne, na kila moja ilikuwa na uhakika kwamba duniani kote wanafanya hivyo hivyo. Mwanamke mmoja kutoka Lusaka alifunika uso kwa karatasi zake. Alisema wiki iliyopita aliruka na mwanafunzi aliyetoka Blantyre, Malawi.

Palitokea ubishi mmoja tu. Mtu alisema ni lazima iandikwe kwamba chanzo cha ajali ya mwaka juzi kimejulikana. Mwingine akasema haiwezekani, hakuna ushahidi, waliokuwamo wamekufa wote.

"Ni kweli," Kunegunda alisema. "Hatujui, na hatutajua. Msiandike kitu juu yao. Andikeni juu ya watakaoruka kesho."

Wakaandika. Kutikisa kijiti, kugonga bega, ishara yoyote ya mkono, havitakuwa tena njia ya kupeana ndege katika nchi hizo nne. Anayetoa atasema kwa mdomo, anayepokea atajibu kwamba ameshika, na anayetoa hataondoa mkono wake mpaka alisikie jibu hilo. Na hakuna mkufunzi atakayepewa leseni mpya mpaka afanye jambo hili mbele ya mkufunzi wa nchi nyingine. Lilipita bila kura. Suala la saa za mwanafunzi liliwashinda palepale, likaahirishwa mpaka mkutano ujao.

Kesho yake asubuhi Kunegunda alikwenda Mfaranyaki kwa mama yake Remigi. Muhsini aliomba waende wote.

Mama Domina alikuwa na duka dogo la unga, mafuta na sabuni mbele ya nyumba yake. Kunegunda alikuwa amelala naye msibani, lakini baada ya arobaini ziara zake zilipungua, kisha zikakoma, na wote wawili walijua kwa nini. Hakukuwa na cha kuzungumza. Katika taarifa ya ajali ilikuwa imeandikwa kwamba Remigi aliogopa. Katika jumuiya ya kanisa wanawake walimpa Domina pole, halafu akigeuka aliwasikia wakisema yule kijana alikufa na mtu wa watu kwa woga wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni." Domina alimtazama Muhsini. "Na huyu?"

"Ni Muhsini, mama. Anatoka Msumbiji. Yeye ndiye aliyemfundisha yule mkufunzi aliyekuwa na Remigi."

Domina alisogeza gunia la unga ili wapate pa kupita, akawaketisha ndani, naye akabaki amesimama mlangoni pa duka.

Kunegunda alimweleza. Alichukua mwiko uliokuwa mezani akausimamisha, akaonyesha ishara ya Songea, kisha akampa Muhsini aonyeshe ya kwao. Alijisikia vibaya kutumia mwiko wa watu kwa jambo kama lile, lakini hakujua namna nyingine. Alisema kwamba hawezi kuapa ndivyo ilivyokuwa, ila ndivyo anavyoamini. Alitazamia kwamba Domina angelia. Alitazamia pia, na baadaye hakupenda kukumbuka hilo, kwamba angeshukuru.

"Kwa hiyo Remigi hakushika," Domina alisema.

"Hakushika, mama. Aliachia. Alifanya nilivyomfundisha."

"Na mwenzake je?"

"Naye aliachia."

"Sasa nani alikuwa anaendesha?"

"Hakuna mtu, mama."

Domina alirudia, "Hakuna mtu." Aliegemea mlango. Uso wake ulikuwa umekauka, kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. "Miaka miwili nimekuwa nikimwona ameshika," alisema. "Wanasema aliogopa, nikawa nasema haya, aliogopa, ni mtoto, alishika kwa nguvu. Anayeogopa anashika kitu. Sasa unaniambia mwanangu alikuwa amekaa tu, mikono magotini, anaangalia nje."

"Huenda hakujua, mama," Muhsini alisema taratibu. "Mpaka mwisho kabisa. Sisi hatukujua. Tulikuwa tunapiga soga."

"Mlikuwa mnazungumza nini?"

Muhsini alisita. "Korosho za mjomba."

Domina alimwangalia, na kwa mara ya kwanza machozi yakamtoka, bila sauti, akayaacha yatiririke. Mteja alikuja akagonga dirisha akitaka sabuni. Hakuna aliyemwendea, mteja akaondoka.

Domina aliuliza, "Yule Leo alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye. Anaitwa Tabu," Muhsini alijibu. "Alirudi kwao Tunduru na watoto."

"Huko anaambiwa nini?"

"Kwamba mumewe aliuawa na mwanafunzi mwoga."

"Na mimi huyo mumewe nimemlaani kwa jina lake," Domina alisema. "Hata kwenye misa ya Remigi. Padri anaombea marehemu, mimi namlaani." Alijifuta uso kwa khanga. "Mmeshamwambia?"

"Bado, mama. Nilitaka kwenda Jumamosi."

"Tutakwenda wote."

Kunegunda alianza kusema kwamba safari ni ndefu na haina haja. Domina alikuwa ameshageuka kufunga dirisha la duka, kwa hiyo Kunegunda aliacha.

Jumamosi walipanda basi la asubuhi, watatu kwenye kiti kimoja, Domina dirishani. Njiani hakuzungumza ila mara moja, walipopita Namtumbo, alipouliza kama kule juu huwa kuna baridi. Kunegunda alimjibu kwamba siku ya jua ni ubaridi kidogo tu, wa kupendeza. Domina aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuangalia mashamba ya tumbaku.

Tabu walimkuta uani kwao, ameketi kwenye mkeka akichambua korosho pamoja na dada yake. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Kunegunda alivyodhani. Alimpokea Muhsini kwa furaha, kama shemeji, akamletea kiti, akamletea na Kunegunda. Kisha akauliza mama huyu ni nani.

"Mimi ni mama yake Remigi," Domina alisema kabla mwingine hajajibu.

Mikono ya Tabu ilisimama. Hakusema karibu. Dada yake aliinuka akaingia ndani akiwavuta watoto. Domina alibaki amesimama katikati ya uwanja, mkoba wake mkononi, juani, na Kunegunda alipotaka kumpisha kiti chake alimzuia kwa ishara ya mkono.

"Sikuja kuomba radhi," Domina alisema. "Nilidhani nitakuja kuomba radhi siku moja, lakini sivyo. Mwanangu hakumuua mume wako. Na mume wako hakumuua mwanangu. Kila mmoja alimwachia mwenzake, akidhani mwenzake ameshika. Hawa ndio waliowafundisha. Watakueleza wenyewe."

Walimweleza. Tabu alisikiliza akiwa amemtazama Muhsini tu, na kadiri alivyosikia ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa, polepole, kama mtu anayekataa chakula. Muhsini alipofika mwisho alisema, "Nilimfundisha vibaya, shemeji."

"Ulimfundisha kama ulivyofundishwa," Tabu alisema. Sauti yake haikuwa na lawama wala huruma. Ilikuwa ya mtu anayezungumza usingizini. "Angesema neno moja tu. Leo alikuwa msemaji. Humu ndani hakunyamaza. Kule juu ndiko alikonyamaza?"

Tabu aliinuka, akaingia ndani. Alikaa muda mrefu. Walisikia maji yakimwagwa, mtoto akiuliza kitu na kuambiwa nyamaza. Kunegunda alianza kufikiri kwamba waondoke.

Tabu akatoka na kiti. Alikiweka kivulini, karibu na mkeka, akakifuta kwa kiganja, akamwambia Domina, "Kaa, mama."

Domina akakaa. Tabu naye akarudi kwenye mkeka, akavuta ungo wa korosho, ila hakuchambua. Alikaa akiziangalia, kisha akainua uso akamuuliza Remigi alikuwa kijana wa namna gani, na alikuwa anapenda kula nini.